Siku Nilipokohoa Mbele ya Kamera

Nianze na waliokuwepo, mtu asije kusema baadaye kwamba niliongeza watu au nilipunguza.

Katika kile chumba cha televisheni, hapa Manika, mjini Kolwezi, nilikuwepo mimi. Alikuwepo binti yangu wa kwanza. Alikuwepo bwana yake, yaani mkwe wangu, mtu wa Kasai, ambaye hatukuwa tumemwona tangu miaka ile ya kufukuzwa. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wao wa pili, msichana aliyekuwa bado kwenye ziwa la mama yake siku baba yake alipopanda treni. Yeye walimsimamisha nyuma ya kamera na kumkataza kusema. Alikuwepo mtangazaji, mwanamke kijana mwenye sauti nzuri, ambaye mama yake mdogo tulikuwa tunafuata naye makala ya kupikia kule Mutshatsha. Alikuwepo mshika kamera, mume wa jirani yetu wa zamani. Na alikuwepo yule waliyemwita psikologe, mwalimu wa mambo ya ndani ya watu, aliyesoma Lubumbashi. Huyo hakuwa ndugu wa mtu yeyote mle ndani, na labda ndiyo sababu waliweka kiti chake katikati.

Ambaye hakuwepo ndiye aliyetupeleka: mjukuu wangu mkubwa, msichana, aliyeondoka na baba yake akiwa bado na meno ya utoto.

Majina yao yote ninayo. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo kila kitu nilikiweka kichwani, na kichwani hakuna panya wa kula karatasi. Nikitaka naweza kutaja hata jina la mama aliyetuazima sufuria pale gare, kituo cha treni. Lakini siandiki hata jina moja, maana baada ya kipindi kile watu walikuwa wanatuita kwa majina yetu sokoni, kwa kelele, kama wanaita mbuzi. Hata leo kuna wanaoniona nikipita na kusema: yule pale, mama aliyemkimbia mkwe wake kwenye televisheni. Ndiyo maana nimeomba kuandika. Mjukuu ananisaidia herufi, maneno ni yangu.

Wale mliozaliwa juzi, kwanza mjue bukwe ni nini. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawaitani kwa jina. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, maana mama ndiye aliyemzalia mkwe mke. Mkwe akikukuta njiani anakupisha, na wewe unampisha. Na yako mambo ambayo mkwe hawezi kuyasema wala kuyakana mbele yako hata ukimwekea kisu: kifo, ugonjwa wa sehemu za siri, na zaidi ya yote mambo ya tumbo la mwanamke. Hayo anatuma mtu. Mtu anakuja, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anasema: mkwe wako amenituma.

Tuliishi hivyo miaka mingi katika nyumba ndogo ya kambi ya kampuni ya madini, mimi nikiwa nimeshafiwa na bwana wangu, wao wakinitunza. Nyumba vyumba viwili, jiko nje. Mtajipishaje hapo? Tulijipisha kwa kikohozi. Nikitoka jikoni, kabla ya kufika kwenye kona, ninakohoa mara mbili. Yeye anasikia, anainuka, anatokea mlango wa mbele. Na yeye akirudi kutoka atelye, karakana ya kampuni, akiwa bado na vumbi la madini la Kingamyambo kwenye suruali, anapiga kengele ya baiskeli tangu kwenye mti wa mparachichi, nami ninajua ni wakati wa kuingia chumbani. Mtoto wao mkubwa alikuwa anatucheka. Alikuwa anajifanya kukohoa ili aone nani atakimbia.

Kwa hiyo uso wa mkwe wangu siujui sana. Miguu yake ndiyo ninaijua. Ninajua alivyosimama siku ya mshahara, na alivyosimama siku rafiki yake alipopondwa na mashine. Na siku alipomtuma mwenzake wa kazi aje kuniambia kwamba binti yangu ana mimba ya kwanza, nilimwona kwa chini ya pazia, nje, ameficha mguu mmoja nyuma ya mwingine kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mjumbe wake akazungumza mvua, akazungumza bei ya unga, akazungumza mvua tena, mimi nikiwa nimeshajua tayari.

Kisha mambo yakaanguka. Mgodi mmoja ulianguka kwa ndani, mshahara ukaanza kuja nusu, ukaja robo, ukaacha kuja. Na njaa ilipoingia, wakaanza kusema ni makosa ya watu wa Kasai, watoke, warudi kwao. Kwao wapi? Mkwe wangu alizaliwa hapa Kolwezi. Baba yake alizikwa hapa. Vijana walipita wakipiga mawe kwenye mabati, na waliokuwa wanapiga ninawajua, nao walikuwa wamekula kwangu bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

Mkwe wangu, binti yangu na watoto wakakimbilia gare na wengine wote, wakalala chini wakingoja treni. Hakuna aliyejua treni itakuja lini. Mvua iliwanyeshea, watoto wakaharisha, watu wakazikwa kando ya reli. Mtoto mdogo akashikwa na homa, binti yangu akamleta kwangu nimwogeshe majani. Wakati yuko kwangu, treni ikaja. Aliyekuwa pale alipanda, aliyekuwa mbali alibaki, maana askari walikuwa wanasukuma watu ndani kama magunia. Binti yangu alipofika na mtoto mgongoni alikuta majivu ya moto wao na kiatu kimoja cha mkubwa.

Baada ya hapo, kimya. Posta ilikuwa imekufa. Sisi wenyewe tukatolewa kwenye nyumba ya kampuni. Tukajenga mtaa mwingine, na huko watu wakaanza kuchimba madini chini ya sakafu zao, mpaka ukuta wetu ukapasuka na tukaambiwa tuhame tena. Hata barua ingekuja, ingemkuta nani, wapi? Miaka ikaenda. Binti yangu hakuolewa tena. Walikuja wanaume wawili, wazuri, akawapa maji ya kunywa akawarudisha. Kile kiatu kimoja alikuwa anahama nacho.

Sasa kile kipindi. Kilikuwa cha jioni, mji mzima ulikitazama, umeme ukikubali. Wanaleta familia zilizogombana au zilizopotezana, wanaziweka kwenye kiti kirefu kimoja, mtangazaji anauliza, watu wanalia, na psikologe anaeleza kwa nini wanalia. Wakati wowote mtu akinyamaza, kamera inamgeukia yeye. Tuliokuwa tunatazama tulimpenda. Alikuwa anasema mambo kama mtu aliyeingia nyumbani kwako ukiwa umelala.

Mjukuu wangu, yule mdogo, alikwenda kuwaeleza bila kutuambia. Jirani mmoja Mwislamu, mwenye malori ya kwenda Kasai, akachukua habari, redio ya kule ikatangaza, na siku moja mjukuu akaingia jikoni akiniita kambo, yaani bibi.

“Kambo, wamemupata papa. Eko Mwene-Ditu, kule Kasai. Anakuya.”

Binti yangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuuliza habari za bwana. Aliuliza: “Na mukubwa wako?”

“Hawasemi. Wanasema tutajua siku ya kipindi.”

Ndivyo walivyofanya. Walitukataza kuongea naye kwa simu, ili machozi yasiishe njiani. Alifika Kolwezi wakamficha kwa watu wao. Siku zile zote binti yangu hakuwa anakula vizuri. Alikuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia. Kitu kimoja tu alitaka kujua, mtoto yuko hai au hayuko, na mtu mwenye jibu alikuwa katika mji huu huu, labda anakunywa chai mtaa wa pili.

Kabla ya siku yenyewe psikologe alikuja nyumbani na taxi-moto, pikipiki ya kukodi, kututayarisha. Shati jeupe, viatu ameshika mkononi kwa ajili ya matope. Nitasema ukweli: alikuwa mtu mwema. Alikaa na binti yangu uwanjani, akamwuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, hata mimi.

“Mama, unalalaka namna gani?”

Binti yangu akacheka kwanza. Halafu akasema: “Nalalaka karibu na mulango. Kama watapiga hodi, nisikie.”

Nilikuwa jikoni, nikasikia, nikaacha moto ukazimika.

Aliponifikia mimi akafungua daftari lake, akauliza: “Na wewe mama, nikitaja mukwe wako, mu mwili unasikia nini?”

“Nasikia njaa, tata. Tangu asubui tunakutayarishia wewe chakula, siye hatuyakula.”

Akacheka mpaka akafunga daftari. Nikaona ni mtu wa kuongea naye, nikamwambia jambo langu.

“Tata, usiniweke kiti kimoja na ule muntu. Siye ni bukwe. Uniweke chumba kingine, nitasikilia tu kule.”

“Mama, unafikiri mi sijui? Mi pia niko na mama mukwe. Nikimuona mu barabara naingia mu mutaro na kostimu yangu.”

“Basi unajua.”

“Najua. Lakini mutangazaji anataka jamaa yote.” Akatazama viatu vyake. “Na jamaa iliyoumia pamoja, inapona pamoja.” Hilo alilisema kwa sauti ile ya televisheni. Nikaona kwamba hata yeye ana bosi.

“Na mutoto, tata? Eko muzima?”

“Mama, hata mi wananificha. Wanasema na mi nishangae.”

Siku ikafika. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida, madirisha wameyafunika kwa magodoro ili kelele za pikipiki zisiingie, na jenereta inaunguruma nje. Joto la mle ndani ni la tanuri. Wakatupaka podari nyeupe usoni.

“Kambo, umekuwa sawa bukari,” mjukuu akaninong’oneza.

“Nyamaza wewe, usije ukanikula.”

Yule mshika kamera akanifunga kidude kwenye kitenge, akaniambia: “Mama, usikohoe. Hii mikro inakamata yote. Ukikohoa, tunaanza upya.”

Wakatukalisha, binti yangu katikati, mimi upande huu. Wakamwita mkwe wangu aingie. Nikatazama chini. Nikaona viatu vyeusi, vya zamani, vimepigwa rangi kwa bidii. Akakaa upande ule wa kiti. Kati yangu na yeye kulikuwa na mwili wa binti yangu tu.

Mtangazaji akasema maneno ya kukaribisha. Akauliza mkwe wangu anasikiaje kuwaona watu wake. Na mkwe wangu akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Aligeukia kiti cha katikati, kwa yule asiyekuwa ndugu, akapiga makofi polepole, akasema:

“Tata psikologe, umuambie mama kama namusalimia. Umuambie nimekuya na heshima.”

Alikuwa amejitafutia mjumbe. Nilisikia moyo wangu ukishuka mahali pake. Nikasema, sasa mambo yatakwenda.

Lakini psikologe akatabasamu kwa kamera. “Hapana, tata. Hapa hatutumaka mujumbe. Mama huyu hapa. Mutazame, umuambie weye mwenyewe.”

Mkwe wangu akageukia magoti yake.

“Mutazame tu, tata. Usiogope.”

Viatu vikarudi nyuma, chini ya kiti. Mtangazaji akauliza kwa nini hakuleta habari miaka yote. Akajibu kwa sauti ndogo, akiongea na magoti yake, kwamba alituma barua kambini, zikarudi, kwamba aliambiwa mke wake alipewa mwanamume mwingine. Kila neno alilivuta kama mtu anayevuta ndoo yenye tundu. Na psikologe akawa anaeleza watu wa nyumbani. Alisema mwili unasema kabla ya mdomo. Alisema katika elimu yao, mtu anayeficha macho anaficha na jambo.

Binti yangu alikuwa anamsikiliza. Hilo ndilo lililoniogopesha. Hakuwa anamsikiliza bwana yake, alikuwa anamsikiliza yule mwalimu, kwa sababu ndiye aliyemwuliza habari za usingizi. Alimwamini. Angemwambia ukuta ule ni mlango, angeuendea.

Halafu mwenyewe akauliza. Hakungoja mtangazaji.

“Mutoto wangu eko wapi?”

Mkwe wangu akameza mate. Kile kidude chao kilikamata mpaka sauti ya koo. “Mutoto... mambo ya mutoto...” Akafuta jasho. “Haya si ya kusema hapa.”

“Alikufa?”

Kimya. Jenereta tu.

“Tata, unaulizwa,” mtangazaji akasema.

“Siwezi kusema hapa,” mkwe wangu akasema. “Munisamehe. Siwezi.”

Na kamera ikamgeukia psikologe, kama kawaida. Akashusha sauti. “Mama,” akamwambia binti yangu, “kimya hiki tukiheshimu. Kimya iko na maneno yake. Jipe nguvu.”

Nikaona mkono wa binti yangu ukipanda kwenye sikio, ukaanza kufungua hereni.

Kwa wale wasiojua: mwanamke anayefiwa anaanza na hereni. Kisha kitambaa cha kichwa. Kisha anakaa chini. Na akishakaa chini akalia, kilio kimeanzishwa, hakuna wa kukirudisha. Kumlilia mtu ambaye yuko hai, sijui kama kuna jambo baya kuliko hilo. Kwetu ni kama kumchimbia.

Lakini alikuwa hai? Sikujua. Mnielewe hapo. Watu wananiuliza leo, mama, ulijuaje? Sikujua chochote. Nilifanya tu kazi niliyoizoea, nikatazama chini, nikatafuta miguu yake. Na mguu mmoja ulikuwa umejificha nyuma ya mwingine.

Ule mguu niliuona mara moja tu zamani, chini ya pazia, nyumba ya kambi. Nikasema moyoni, huyu hana msiba, huyu ana haya. Halafu nikasema, umezeeka, miguu ya mtu inabadilika, labda anaumwa tu na kiatu. Hereni ya kwanza ilikuwa imeshatoka, iko kiganjani mwake. Mkono ukaenda kwenye sikio la pili.

Nikikaa, mkwe wangu hatasema, hata wamkalishe mpaka asubuhi. Nikisimama na kuondoka, ataona mama mkwe amempa mgongo mbele ya mji mzima, na hiyo kwetu ni kama kusema rudi ulikotoka, mke huna. Anaweza kuchukua kofia yake akaenda, na jibu likaenda naye. Nikawaza kumnong’oneza binti yangu, lakini mikro inakamata yote. Nikawaza kusema kwa nguvu, mkwe wangu, ninakupisha. Lakini nitamwitaje, mimi ambaye sijawahi kumwita?

Basi nikakohoa mara mbili, kama kwenye kona ya jiko.

Mshika kamera akainua mkono juu, amekasirika. Mimi nikamtazama binti yangu, nikaona mkono wake umesimama sikioni. Aliishi na kikohozi kile miaka yote. Upande wa pili viatu vikaja mbele, vikakaa sawasawa, vyote viwili.

Nikavuta kitenge kichwani, nikasimama.

“Mama, ikala! Tunarekodi!” mtangazaji akasema.

Nikamtazama psikologe, nikidhani naye atasema, maana kamera ilikuwa imeshamgeukia. Hakusema. Alifungua mdomo, akaufunga. Nikapita nyuma ya kiti, si mbele, kama inavyotakiwa, nikatoka, nikavuta mlango.

Kwenye korido kulikuwa na benchi na bidoni la mafuta ya jenereta. Sikuketi. Niliweka mkono ukutani. Kwa sababu ya yale magodoro nilisikia sauti bila maneno. Kwanza kimya, kirefu, nikasema amekwenda, nimemfukuza mara ya pili, walimfukuza wao na sasa mimi. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume, sauti nzima, imesimama, sauti ambayo katika nyumba ile ya kambi nilikuwa naisikia kwa mbali tu akiongea na mke wake jioni. Ikaongea kidogo, ikaacha.

Halafu binti yangu akapiga kelele.

Nimesikia kelele nyingi za wanawake maisha yangu. Pale gare nilizisikia kila siku. Lakini kelele ile haikuwa na jina. Ilipanda, ikakatika, ikaanza tena. Mikono yangu ikaanza yenyewe kufunga kitenge kiunoni, ule ufungaji wa msiba, na mimi ninaiambia mikono ngoja, ngoja kwanza, nayo inafunga. Nilitaka kufungua mlango. Lakini nikifungua wakati bado anasema, nimeharibu yote. Nikasimama pale na fundo mkononi.

Mlango ukafunguka, akatoka psikologe. Peke yake. Jasho limechora mistari kwenye podari yake. Akanitazama, akatazama fundo langu la kitenge. Na yule mtu wa Lubumbashi, na shati lake jeupe, akachuchumaa kwenye korido, karibu na bidoni la mafuta. Akapiga makofi polepole.

“Mama,” akasema, “mukwe wako amenituma.”

“Sema, tata.”

“Anasema, alitoka Mwene-Ditu. Alifanya safari. Treni ilikufa njiani, wakalala mu porini. Lakini alifika.”

Nilitaka kumpiga. Alikuwa anaanzia mbali, kama inavyotakiwa, na mimi roho inanitoka. “Alifika muzuri,” nikasema. “Endelea.”

“Anasema anakusalimia sana. Anasema hakusahau nyumba yako.” Akafuta uso. “Anasema mutoto eko. Eko muzima. Aliolewa.”

Sasa nikaketi.

“Na anasema tena...” Psikologe akatazama chini, yule mtu mzima, akavuta kola ya shati. “Iko jambo la wanawake. Mutoto eko... Mama, utanisamehe. Karibu atakuwa wawili.”

Mimi nilikuwa na umri wa mama mkwe wake, na yeye pia hakuweza kuitaja mimba.

Ndani binti yangu alikuwa bado analia, lakini sasa nilijua analia nini, nikaiacha sauti ipite. Psikologe akasema, bado amechuchumaa: “Mama, mi nilimuambia ajipe nguvu. Nilikuwa namuzika mutoto wa watu.”

“Uliniambia unajua bukwe.”

“Najua. Lakini pale mu kiti, nikinyamaza, kamera inaningoja. Inaningojaka mi tu.”

Sikuwa na hasira naye, na sikuwa na nguvu ya kumfariji. Nilifungua fundo la kitenge, nikalifunga kama kawaida.

Kipindi kilipopita, tulitazama kwa jirani. Kikohozi changu walikikata. Mtu aliyetazama aliona bibi amesimama ghafla, amefunika uso, ameondoka, na juu ya mgongo wangu sauti ya mtangazaji, aliyoiweka baadaye, inasema kuna mama wengine kusamehe kunawashinda. Na kabla ya neno lililofuata la mkwe wangu, umeme ukakatika mtaani kwetu. Psikologe aliwaomba warekebishe. Wakamwambia kimeshapita. Aliendelea kidogo na kipindi, mjukuu anasema alianza kuacha watu wanyamaze, kamera inamngoja na yeye anatazama viatu. Halafu wakatafuta mwingine.

Binti yangu aliondoka na bwana yake kwenda kumwona mtoto, awahi kabla mtoto hajazaa. Kwa treni, maana njia nyingine hawakuwa nayo. Usiku wa kabla ya safari niliota majivu. Nikawasindikiza gare, pale pale, reli ile ile, wamama wanauza mikate pale walipozikwa watoto. Nilijibanza nyuma ya ukuta wa ofisi ili mkwe apite. Nilimwambia binti yangu asiachie mkono wa mtu, asiende hata kunywa maji, treni haina huruma. Akanionyesha hereni zake, zote mbili, akacheka. Kile kiatu kimoja alikuwa nacho kwenye mfuko, anampelekea mwenyewe.

Halafu kwa upande wa pili wa ukuta nikasikia mtu anakohoa. Mara mbili. Nikarudi nyuma, nikageuza uso, nikampisha.

Mjukuu mkubwa alizaa salama, walipiga simu. Binti yangu bado yuko kule, anasema atarudi baada ya mvua, na kila simu ikilia mimi ninashika ukuta kwanza. Mdogo naye amebaki na mimi, ndiye anayeandika haya.

Maneno aliyoyasema mkwe wangu baada ya mimi kutoka sijawahi kuyasikia. Nina yale tu niliyoletewa na mjumbe, na binti yangu nikimwuliza anasema yalikuwa yake. Ninyi mliokuwa na umeme jioni ile mliyasikia. Kama nimekosea mahali, kama mguu uliojificha ulikuwa wa kushoto na mimi nimewaza wa kulia, kama kelele ya binti yangu ilitangulia sauti ya mwanamume, au kama kulikuwa na mtu mwingine mle chumbani niliyemsahau, njooni mniambie. Ninakaa nyuma ya soko la Manika, ulizeni tu yule mama aliyemkimbia mkwe wake. Wanaume mkija, kohoeni kwanza kwenye kona.